Kinu cha Upepo, Maana ya Tatu

Jumatatu, 1 Julai

Upepo umeanza leo, na kama kawaida yake umeanzia ofisini kwetu, kwa sababu dirisha la chumba cha wahariri halijawahi kufunga sawasawa tangu litiwe. Vumbi mezani, vumbi kwenye chai, vumbi juu ya herufi K, ambayo ni yangu. Katikati ya vumbi hilo akaingia Mhariri Mkuu mpya, amevaa koti. Mtu akamwambia, mzee, humu ndani kuna joto. Akasema yeye hasikii joto. Basi nitamwita Koti. Kabla hajaletwa kwetu alikuwa akiuza sabuni, na anazungumza nasi kana kwamba sisi ni povu.

Katangaza kwamba kamusi ya shule itakwenda mitamboni mwisho wa Septemba, iwe imekwisha au haijakwisha. Sisi tunaoitengeneza tangu mvi zetu zilipokuwa bado zinahesabika tukatazamana. Kisha akasema, "Nataka maneno yanayouzika." Nikaandika sentensi hiyo pembeni. Siku nikihitaji mfano wa upuuzi, ninao.

Jumanne, 2 Julai

Vumbi.

Alhamisi, 4 Julai

Mama bado hasemi. Kiharusi kilimpiga mwezi wa tano akiwa anaanika nguo. Mkono wa kulia umeanza kurudi, mguu unakokoteka, lakini ulimi umegoma kabisa. Daktari anasema maneno yote yamo ndani, ila hayaoni mlango. Inanichoma. Mimi ninayekula kwa kujua maneno yanakaa wapi, nashindwa kumpatia mama yangu hata moja.

Mdogo wangu amehamia hapa nyumbani na cherehani yake, ameiweka chumbani kwa Mama, karibu na dirisha. Yeye ni fundi wa nguo za kike na mdomo wake haupumziki. Kutwa nzima anamsimulia Mama habari za vifungo, za mteja aliyenenepa, za zipu iliyokwama. Mama anatazama dari. Nami nikirudi kazini nakuta maneno yamejaa chumba kizima na hakuna hata moja lenye uzito. Nikamwambia apunguze. Akasema, "Sawa, dada," halafu akaendelea na zipu.

Jumatatu, 8 Julai

Koti ameuliza kwa nini kazi yetu inakwenda polepole. Mzee Mizizi akasimama kumweleza sheria ya nyumba yetu ya kamusi. Mizizi ndiye anayeshughulika na asili za maneno, na anazipenda asili kuliko watu. Hata salamu yako atataka kujua imetoka wapi kabla hajaiitikia.

Sheria yenyewe aliiweka mwasisi wetu, na kwa hili namheshimu marehemu. Hakuna maana inayoingia kwenye kamusi bila kadi. Kadi ni sentensi uliyoisikia kwa masikio yako kutoka kwa mtu asiye mhariri, ambaye hukumuuliza. Ukimuuliza mtu "neno hili maana yake nini," atakutungia chochote ili usimwone mjinga. Kwa hiyo unakaa kimya, unasubiri, na neno likitoka lenyewe unaliandika: nani kasema, wapi, akimwambia nani, akimsema nani, mbele ya nani. Pasipo kadi hakuna maana, hata ukilia machozi ya damu.

Koti akasikiliza hadi mwisho, halafu akauliza kama kadi hizo zinaweza kuwa na rangi.

Jumatatu, 15 Julai

Leo tumepigana juu ya kinu cha upepo, na nina hasira hadi kalamu inachana karatasi.

Tulikuwa tunapitia K ukurasa kwa ukurasa. Kinu peke yake kilipita bila kelele: cha kutwangia, cha kukamulia mafuta, cha kusagia unga, mpaka vile vinu vya siku hizi vya kutengenezea nishati ya nyuklia ambavyo havina mchi wala pumba. Neno limetoka jikoni likaishia kwa wahandisi, na hakuna aliyeshtuka. Tukafika kinu cha upepo. Mimi nilikuwa nimeandika maana tatu. Ya kwanza, mtambo wenye mapanga yanayozungushwa na upepo ili kusaga nafaka. Ya pili, mtambo wa namna hiyo unaovuta maji kisimani. Ya tatu, mtu mwenye maneno mengi na pilika nyingi asiyetoa chochote cha maana.

Mizizi akakohoa kile kikohozi chake. Akasema neno zima limeletwa na watafsiri. "Watu wetu hawakusaga kwa upepo hata siku moja. Kuna mtu aliona picha ya mnara wenye mabawa, akasoma kwamba unasaga nafaka, akatafuta chombo cha nafaka nyumbani kwao, akakuta kinu. Basi, akakiunganisha na upepo. Hiyo ndiyo asili."

Kinachoniudhi ni kwamba kwa maana ya kwanza huenda yuko sahihi. Nikamwambia, je, ya pili? Mtambo unaovuta maji hausagi kitu, mbona watu waliendelea kuuita kinu? Akasema kwa mazoea. Nikasema si kwa mazoea. Baba yangu alikuwa mtunza kinu cha upepo kwenye shamba kubwa, maisha yake yote ya kazi, na sisi tulizaliwa chini ya mnara ule. Chuma kirefu kilishuka kisimani kikipanda na kushuka, kikipanda na kushuka, kama mchi. Baba akitaka kujua kama pampu ni nzima hakutazama juu. Aliinamisha kichwa akasema, "Sikilizeni, kinatwanga." Ndiyo maana kikaitwa kinu, kwa sauti ile.

"Baba yako yuko wapi?" Mizizi akauliza.

"Amefariki, unajua."

"Pole sana. Lakini marehemu hatoi ushahidi, bibie."

Maana ya pili ilinusurika kwa sababu kuna kadi mbili za zamani. Ya tatu haina kadi. Koti akasema, "Mimi sijawahi kuisikia." Mtu ambaye hajawahi kusikia joto! Wakaamua: nikileta kadi kabla ya kwenda mitamboni, itaingia. Nisipoleta, inafutwa.

Jumatano, 17 Julai

Naandika hili ili nisije nikajidanganya kwamba napigania lugha.

Napigania Mama. Maana ya tatu ni yake. Ngozi za pampu, zile za kuvutia maji, zilikuwa zinachakaa, na kila zilipochakaa Baba alifungua kile chuma kutoka kwenye mapanga apate kuzibadilisha. Upepo haukujua. Mapanga yaliendelea kuzunguka kutwa kucha, yanapiga kelele, yanameta juani, na bombani halitoki hata tone. Mama alipita na ndoo yake tupu, akatazama juu, akasonya. Tangu hapo kila mpiga domo aliyekanyaga kizingiti chetu alikuwa kinu cha upepo. Mwenyekiti wa ushirika alikuwa kinu cha upepo. Shemeji yake aliyeoa mara tatu akiahidi nyumba, kinu cha upepo. Alilisema bila kupandisha sauti, huku anapepeta mchele, na aliyesemwa alisinyaa.

Sasa shamba limeuzwa, majirani wamehama, na mwenye neno lake amelala hana ulimi. Likifutwa kitabuni, limekwisha. Sitaki Mama afe na neno lake kabla hata hajafa.

Jumanne, 23 Julai

Koti amependekeza kamusi iwe na picha ya jua linalotabasamu kwenye jalada.

Jumanne, 30 Julai

Mtaalamu wa usemi amekuja nyumbani na mkoba wa picha. Kijana msafi, ana sauti ya kubembelezea mtoto kichanga. Anainua picha ya kikombe. "Hiki ni nini, mama yetu?" Kimya. Anainua picha ya kiatu. "Na hiki je?" Mama aliyelea watoto na kuongoza nyumba yenye wafanyakazi saba wa shamba mlangoni anaulizwa kuhusu kiatu. Alimtazama yule kijana kwa jicho ambalo mimi nalijua. Ingekuwa mwaka jana, kijana angekwenda zake analia.

Mdogo wangu alimshukuru sana, akamshonea kifungo kilicholegea kwenye shati. Upepo ulipiga dirisha mchana kutwa.

Jumanne, 6 Agosti

Mchoraji ameniletea kinu cha upepo. Ni binti mdogo aliyeajiriwa na Koti kwa malipo ya kipuuzi, ananiamkia kila ninapopita, hata nikipita mara nne. Amechora mnara mnene wenye mabawa manne ya kitambaa, na mbele yake maua. Nikamuuliza umeona wapi kitu hiki. Akasema hajaona popote, amenakili kwenye picha nyingine. Nikamwambia, na huyo aliyechora hiyo nyingine naye hakuona, na wa kabla yake hivyo hivyo, ndiyo sababu nchi nzima itadhani kinu cha upepo ni keki. Akainamisha kichwa.

Nilimchorea mwenyewe kwa kalamu: miguu minne ya chuma, gurudumu la mapanga mengi membamba, mkia mmoja nyuma wa kuligeuza lifuate upepo. Mchoro wangu ulifanana na mwavuli uliovunjika. Alitazama kwa adabu.

Jioni nilikuta kitu mezani kwangu. Alikuwa amekata karatasi, akaikunja mapanga manane, akaichoma pini kwenye kijiti. Kititia, kile cha watoto. "Nilitaka kujua kinavyozunguka, mama," akasema, "nisije nikachora keki tena." Nimekileta nyumbani kwa sababu pipa la taka ofisini limejaa. Mdogo wangu amekichomeka dirishani, juu ya cherehani.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimevunja sheria.

Mchoraji amemaliza picha mpya, na sina budi kusema ni nzuri, hata bomba linaonekana. Nikachukua nakala yake. Nikakaa kitandani kwa Mama nikamshikia mbele ya macho. "Mama, hiki unakikumbuka? Hiki ni nini?" Nilijisikia nina sauti ile ile ya kijana wa vikombe. Mama akatazama picha, akanitazama mimi, akafumba macho.

Jumanne, 13 Agosti

Nimemwonyesha tena. Kimya.

Ijumaa, 16 Agosti

Kimya. Leo nilimtajia neno lenyewe, nikalirudia kama mara ishirini. "Kinu cha upepo, Mama. Kinu. Cha. Upepo." Mdogo wangu alisimamisha cherehani, akanitazama, akaiwasha tena.

Jumanne, 20 Agosti

"Mama, yule mwenyekiti wa ushirika ulikuwa unamwitaje?" Kimya. Alinigeuzia ubavu.

Jumanne, 27 Agosti

Tumegombana, mimi na mdogo wangu, jikoni, kwa sauti za chini kwa ajili ya Mama, na ugomvi wa sauti ya chini ndio unaouma zaidi.

Nilianza mimi. Nilimwambia kelele zake zinamzuia Mama kukusanya mawazo, kwamba mgonjwa hawezi kupata neno moja katikati ya mafuriko ya vifungo na zipu. Nikasema ana domo kama redio ya kinyozi. Alikuwa anakoroga uji. Hakugeuka.

"Dada, wewe humzungumzishi Mama. Unamhoji."

"Namsaidia akumbuke."

"Akumbuke kwa ajili ya nani? Unaingia, hujavua hata viatu, unamwekea karatasi puani. Mimi simuulizi kitu. Namwambia tu habari, halafu nanyamaza kidogo, anajua pale ndipo pake. Siku akitaka, atasema. Asipotaka, basi tumekaa pamoja."

Nilitaka kumjibu kwamba hayo ndiyo yaliyoandikwa kwenye sheria ya mwasisi wetu, na kwamba yeye aliyeacha shule kwa uvivu hana haki ya kuyajua. Nilikwenda chumbani kwangu, nikafunga mlango kwa nguvu, na upepo ukaufungua tena.

Jumapili, 1 Septemba

Sijamwonyesha. Sijasema naye kitu. Nilikaa tu, nikachoka kuliko siku ya kazi.

Jumamosi, 7 Septemba

Nilipanda gari hadi shambani kwetu kwa zamani kutafuta mtu yeyote aliyebaki mwenye neno la Mama. Pamekuwa mtaa. Miguu minne ya mnara bado imesimama katikati ya vibanda, mtu amefunga kamba ya nguo kutoka mguu hadi mguu, na kwenye mguu mmoja wamebandika tangazo la kinyozi. Mapanga hayapo. Nilikaa kwenye benchi la muuza simu kuanzia asubuhi hadi jua linazama, nikijifanya nasubiri mtu, nasikiliza. Mama mmoja alimwagiza mwanawe, "Kaanike pale kwenye chuma." Hivyo ndivyo kinavyoitwa sasa, chuma.

Sikuandika kadi. Nilirudi na vumbi mdomoni na nikiwadharau wote wale, mpaka nilipofika nusu ya njia nikakumbuka kwamba wao hawajakosa kitu. Kilikuwa chuma kweli.

Jumanne, 10 Septemba

Koti amenisimamisha koridoni. "Mama, ile maana yako ya tatu, tuseme imekufa?" Alisema kwa upole, na hilo ndilo linaloudhi. Nikamwambia haijafa, iko hospitali. Akacheka, akanigusa begani. Nimeliosha bega.

Mizizi naye amebandika karatasi mlangoni kwake inayoeleza asili ya kinu cha upepo kwa wapita njia. Hatua nne, mishale mitatu, na baba yangu hayumo.

Jumanne, 17 Septemba

Bati moja la jikoni limeng'oka. Fundi amesema atakuja. Hajaja.

Jumamosi, 21 Septemba

Nataka kuandika kwa mpangilio.

Mchana upepo ulikuwa mkali kuliko siku zote za msimu huu. Mdogo wangu alikuwa amepiga magoti chini anamwosha Mama miguu kwenye beseni, huku anamsimulia habari ya bibi harusi aliyerudisha gauni. Mama alikuwa kwenye kiti cha mikono, anatazama dirishani. Kile kititia cha karatasi kilikuwa kinazunguka hadi hakionekani mapanga.

Mimi niliingia na maneno yangu. Jana Koti alikuwa amenipa kurasa za mwisho, na maana ya tatu imepigwa mstari mwekundu. Nikaanza. Sikumwambia yeyote, niliambia chumba. Nikasema kamusi imekabidhiwa kwa muuza sabuni. Nikasema Mizizi atachimba asili mpaka atoke upande wa pili wa dunia. Nikasema nitaandika barua, nitakwenda kwa wenye nyumba ya kamusi, nitaacha kazi, nitawafungulia mashtaka, nitatunga kamusi yangu mwenyewe. Nilikuwa natembea, kutoka dirishani hadi kabatini, kabatini hadi mlangoni, natupa mikono, nakanyaga maji yaliyomwagika. Mdogo wangu alisema, "Dada, kaa kidogo." Sikukaa. Nikasema nitawaonyesha. Nikarudi dirishani, nikageuka, nikaanza upya na Koti.

Ndipo sauti ikatoka. Ilikuwa nzito, imekwaruza, kama mlango wa ghala ambalo halijafunguliwa muda mrefu. Mama alikuwa hata hanitazami. Alikuwa anamwambia mdogo wangu.

"Mwambie huyo kinu cha upepo akae chini. Anazunguka tu. Maji hatoi."

Mdogo wangu alibaki ameshika mguu wa Mama hewani, sabuni inadondoka. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha kulia, akaegemeza uso kwenye goti la Mama, mabega yanaruka. Mama akamwekea mkono kichwani, ule wa kulia.

Nami nilisimama pale pale nikasinyaa, sawasawa na mwenyekiti wa ushirika. Aibu ilinipanda kutoka miguuni. Na chini ya aibu kulikuwa na furaha ambayo sijaijua tangu nikiwa mtoto, furaha ya kugombezwa na mama mzima. Nililia. Nililia kwa sauti, mimi.

"Mama, sema tena," nikasema.

Akanitazama, hatimaye, kwa lile jicho lake. Hakusema tena. Bila shaka hakusema tena. Nilikuwa nimemuuliza.

Jumapili, 22 Septemba

Amesema "chumvi" kuhusu uji. Amesema "dirisha." Amemwita mdogo wangu kwa jina lake la utotoni, ambalo mimi nilikuwa nimelisahau. Yote amemwambia yeye, kwenye zile nafasi anazoziacha katikati ya vifungo. Nimekaa kwenye kona nikisikiliza hadithi ya gauni kwa mara ya tatu. Si hadithi mbaya. Bibi harusi ana makosa.

Jumanne, 24 Septemba

Niliiweka kadi mezani mbele yao saa ya kikao. Nimeijaza kwa wino, na mdogo wangu ametia sahihi kama shahidi, mwandiko wake umelala kama mshono wa haraka.

Koti aliisoma kwa sauti. Alipofika "maji hatoi" akacheka hadi akafungua kifungo cha koti. Mizizi hakucheka. Aliichukua kadi, akaisogeza karibu na miwani.

"Aliyesema ni mama yako mzazi."

"Ndiye."

"Alitajiwa neno kabla?"

Hapo nilikuwa na njia mbili, na moja ilikuwa fupi sana. Mdogo wangu asingesema, Mama asingesema. Nilimtazama yule mzee ninayemdharau tangu Julai, na miaka mingi kabla ya Julai, nikaona kwamba anaishika kadi kwa ncha za vidole, kama mtu anayeogopa kuichafua. Nikashindwa kumdanganya mtu anayeshika kadi namna ile.

"Nilimtajia," nikasema. "Mwezi wa nane mzima. Nilimwonyesha picha, nilirudia neno mbele yake, nilimuuliza alikuwa anawaitaje watu. Hakujibu hata mara moja. Alilisema siku ambayo sikuwa namuuliza kitu."

Koti akafunga kifungo. "Basi hiyo imeharibika, si ndivyo sheria inavyosema?"

Nikasubiri. Mizizi aliisoma kadi tena, midomo inacheza. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Hapa kwenye 'aliyesemwa' hujajaza. Nani aliyeitwa kinu cha upepo?"

Nilikuwa nimeacha nafasi hiyo wazi kwa makusudi. Mchoraji, aliyekuwa pembeni na michoro yake, aliinua macho. Dirisha letu bovu lilikuwa linapigapiga.

"Mimi," nikasema.

Mizizi akaweka kadi mezani. Alivua miwani, akaifuta, na nikajua anacheka kwa sababu kikohozi chake kilitoka mara mbili.

"Nimepitia kadi za nyumba hii zote," akamwambia Koti. "Nimekamata wahariri waliopika ushahidi. Walipika ili waonekane na akili, ili washinde ubishi, ili wasifiwe. Sijapata kuona aliyepika ushahidi wa kutukanwa yeye mwenyewe na mama yake. Huwezi kumfundisha shahidi akutukane, halafu atukane vizuri hivi. Neno hili ni la mama yule, tena analijua kuliko sisi. Liingie."

Koti akasema sawa, liingie, akauliza kama tusi hili linauzika.

Mizizi alinipa kalamu yake. Kwenye nafasi ya aliyesemwa nikaandika kwa mkono wangu: mhariri wa herufi K. Alikausha wino kwa karatasi, akaifungia kadi kwenye droo. Nilipopita mlangoni kwake jioni, ile karatasi ya mishale ilikuwa na mstari mpya chini kwa penseli: "Maana ya 2, labda kwa sauti ya chuma kisimani. Kuulizwa." Na hilo neno la mwisho alikuwa amelikata, akaandika juu yake: "Kusikilizwa."

Bado ni mzee wa kuchosha.

Jumatatu, 30 Septemba

Kitabu kimekwenda mitamboni. Upepo umetulia kabisa, hata kile kititia kimesimama. Jua linalotabasamu liko kwenye jalada.

Nilimletea Mama nakala ya ukurasa. Sikumwonyesha. Nilisoma kwa sauti, nimesimama mbele ya kiti chake, huku mdogo wangu anashona: maana ya kwanza, maana ya pili, maana ya tatu, na mfano wake, mwambie huyo kinu cha upepo akae chini. Nikaendelea kueleza jinsi Koti alivyosema, jinsi Mizizi alivyojibu, na mimi nikasema nini, na ingekuwaje kama nisingesema.

Mama alisikiliza hadi akachoka. Kisha akageuza kichwa polepole, akanikazia jicho.

"Na umekaa?"

Nikavuta kigoda, nikakaa.